Jinsi ya kumtazama pweza akiwa kwake: maelekezo ya mzamiaji wa Msimbati

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mchokoaji pweza, mtu anayewatoa mashimoni kwa chuma, hapa Msimbati, pwani ya Mtwara. Bamvua ikiingia, maji yakikupwa mpaka mgongo wa mwamba unabaki wazi, alijifunga kanga kiunoni, akachukua chuma chake na ndoo, na mimi nyuma yake na chupa ya maji ya kunywa. Nilikuwa na miaka minane. Nilikodolea macho kila shimo nikitafuta mnyama mwenye minyiri minane, sioni kitu, na ndoo ya bibi inajaa. Siku moja akanishika bega akaniambia, "Mjukuu wangu, unahangaika bure. Pweza haonekani. Tafuta jalala lake."

Siku hizi nazamia kwa mtungi wa hewa na kuongoza wengine kwenye miamba hii hii ya Ghuba ya Mnazi, na somo la bibi ndilo ninaloanza nalo kila mara. Yeye akimpata alimchokoa. Mimi nikimpata nakaa. Kukaa huku ndiko kunakowashinda wengi. Mtu analipia boti, analipia mtungi, anaamka alfajiri, anaonyeshwa pweza, anapiga picha mbili na kuondoka ndani ya dakika moja. Aliyemwona ni pweza aliyeshtuka. Pweza mwenyewe, anayewinda, anayefagia mlango wake, anayegombana na samaki, huanza kuonekana baada ya dakika kumi, wakati mwingine ishirini. Maelekezo haya ni ya mtu anayetaka kuzifikia hizo dakika ishirini.

Kabla ya maji

Kuzamia kwa mtungi hufundishwa majini na mwalimu, kwa hiyo hapa nagusia tu. Uwe na cheti. Usizuie pumzi hata mara moja ukiwa chini. Panda taratibu, usizidi mita 9 kwa dakika, na simama kwenye mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutoka. Uanze kurudi mapema ili ufike juu ukiwa na baa 50 (kipimo cha mgandamizo wa hewa) kwenye mtungi. Huku kusini usicheze na haya, maana chemba ya kutibu mtu aliyepanda vibaya haiko Mtwara, iko Unguja. Na kama umezamia mara kadhaa, subiri saa 18 kabla ya kupanda ndege.

Uzuri ni kwamba pweza hahitaji kina. Wengi wa ninaowatazama wako kati ya mita 4 na 12. Kwenye kina hicho hewa hudumu, na jua linafika vizuri, rangi nyingi bado zinaonekana.

Eneo hili ni hifadhi ya bahari, Hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Lipia kiingilio, uwe na risiti. Ukitokea Mtwara mjini unapita Madimba penye mitambo ya gesi, kisha Msimbati, halafu Ruvula kwenye ncha. Ukifika usikimbilie majini. Salimia wazee wanaoshona nyavu, waulize maji yakoje leo. "Shikamoo babu, mkondo vipi?" Jibu utakalopata linashinda programu yoyote ya simu, na watakuwa wamekujua. Mtu asiyejulikana, mwenye miwani na mtungi, akizunguka kwenye miamba wanayochokoa akina mama, ana haki ya kutiliwa shaka.

Saa na msimu

Bamvua ni nzuri kwa mchokoaji, ni mbaya kwa mtazamaji. Maji yakipanda na kushuka mita 3 na zaidi, mkondo kwenye mlango wa ghuba unakimbia kama mto, mchanga unatibuka, na wewe unatumia hewa yako yote kupigana na maji. Chagua maji mafu, siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana. Ingia nusu saa kabla maji hayajasimama, utapata saa nzima ya utulivu.

Pweza wetu mkubwa, ambaye wataalamu humwita Octopus cyanea, ni wa mchana. Watu wengi hudhani pweza wote hutoka usiku. Huyu hutoka kuwinda asubuhi na mchana, na shughuli hupamba moto jua likiwa chini, alfajiri na kuelekea magharibi. Mimi napenda saa moja hadi saa tatu asubuhi. Ukizamia usiku unaweza kukutana na mwingine, mwekundu mwenye madoa meupe, minyiri myembamba mirefu. Huyo ni jamaa tofauti na ana mambo yake.

Kwa msimu, ninachagua Septemba hadi Novemba. Upepo wa kusi umelegea, maji yanaanza kupata joto, na mvua bado. Mvua zikishika, Ruvuma inaleta tope na maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Tena katika miezi hiyo nyangumi wenye nundu bado wanapita nje ya mwamba. Huwezi kuwaona ukiwa umelala mbele ya tundu la pweza, ila unawasikia, sauti ndefu inayoingia mpaka kifuani. Mara ya kwanza nilidhani regyuleta yangu, kifaa cha kupumulia, imeharibika.

Kulitafuta jalala

Sasa somo la bibi. Pweza hula nyumbani. Hukamata kaa, kome, chaza, huwabeba chini ya utando wake, ngozi inayounganisha minyiri, hurudi tunduni, hula, kisha husukuma maganda nje. Kwa hiyo nyumba yenye mwenyewe ina jalala mlangoni. Elea juu ya mwamba polepole, usitazame mashimo, tazama sakafu. Unatafuta maganda mengi mahali pamoja, masafi, meupe, yaliyokaa kama yamemwagwa kutoka kwenye bakuli. Gamba la kaa lililogawanyika, miguu ya kaa mitupu, kombe zilizofunguka pande mbili. Ukiona ganda lenye tundu dogo la duara kama limetobolewa kwa sindano nene, hilo pweza amelitoboa mwenyewe ili alegeze nyama.

Tazama kama maganda yameota ukungu wa kijani. Yakiota, mwenyewe amehama zamani. Yakiwa yanang'aa, yuko karibu. Usiyaokote. Kwanza, unaharibu alama ambayo kesho utaihitaji. Pili, kati yake huweza kuwepo konokono hai wa umbo la koni, na baadhi yao sumu yao inaua mtu.

Dalili ya pili ni mawe. Pweza hupanga mawe mlangoni, na akitaka kupumzika huyavuta kwa ndani kama mtu anayeegesha mlango. Mwamba wa asili hauna mawe matano ya ukubwa mmoja yaliyojipanga kwenye duara. Mchanga uliofagiliwa mbele ya shimo ni dalili ya tatu. Hupuliza takataka kwa mrija wake.

Huku kwetu kuna jambo lingine la kujua. Miamba mingi ya Mtwara iliumizwa na uvuvi wa baruti kwa miaka mingi, na kuna sehemu ambako matumbawe yamebaki vifusi. Wageni huvipita wakiona hakuna kitu. Mimi huenda huko makusudi. Vifusi vina mashimo, kaa hujaa, na pweza huhamia. Inaniuma kuona mwamba umevunjwa, na bado nafurahi kila nikimkuta humo mnyama anayejenga mlango kwa vipande vilevile.

Namna ya kukaa

Ukishaliona jalala, simama pale pale. Usimwendee kutoka juu. Maadui wake wengi hutoka juu au hujitokeza ghafla, na kivuli chako kikipita mlangoni umeshakuwa mmoja wao. Shuka pembeni, mbali, mpaka uwe usawa naye, kisha sogea kwa ubavu, si kifua mbele, ukijipanga na jua ili kivuli chako kisimfikie. Simama mita 3. Tafuta kiwanja cha mchanga usio na matumbawe, uguse kwa ncha za vidole viwili, au uelee bila kugusa kitu kama unaweza. Asiyeweza kuelea bila kupanda na kushuka asiende kwa pweza bado. Afanye mazoezi mahali pasipo na kitu cha kuvunjwa.

Mikono kifuani, isipokuwa vile vidole viwili ukivihitaji kugusa mchanga. Nalisisitiza hili kuliko yote. Mkono unaonyooka mbele, hata wa kuonyesha tu, kwake ni kitu kinachokuja. Toa pumzi polepole, mapovu madogo madogo. Zima taa. Kamera bila mwanga wa kumulika. Mwenza wako awe nyuma yako kidogo, asiwe upande wa pili wa tundu, maana mkimweka kati amezingirwa na hatatoka.

Kisha subiri. Dakika tano za mwanzo utaona jicho tu. Litazame: mboni yake ni mstari mweusi uliolala, na hata akigeuza mwili upande, mstari ule unabaki umelala sawa. Utaona kichwa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka. Anakupima uko umbali gani. Anapofanya hivyo usisogee hata kidogo. Kando ya kichwa kuna mrija unaofunguka na kufumba, ndiyo pumzi yake. Mimi huuhesabu. Mrija ukienda taratibu, kwa mpango mmoja, amekukubali. Mwendo wake ukibadilika ghafla, umemsogelea mno. Rudi nyuma nusu mita, usijitetee.

Baada ya hapo hutokea jambo ninalolingoja kila mara. Mnyiri mmoja unatoka, unagusa jiwe la mlangoni, unaliweka kando. Halafu mwingine. Halafu kichwa kizima.

Kumsoma ngozi

Ngozi yake ina mifuko midogo ya rangi, maelfu kwa maelfu, inayovutwa na misuli. Ndiyo maana hubadilika kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Wakati huo huo macho yake yenyewe hayatofautishi rangi. Nimelifikiria hili mara nyingi chini ya maji na bado linanishangaza.

Akiwa ametulia huwa kahawia yenye mabaka, ngozi imeinuka vinundu kama mwamba wenye majani. Akiingiwa na hofu huwa mweupe, na kuzunguka macho panakuwa peusi, hutandaza utando aonekane mkubwa. Ukimwona hivyo umekosea, ondoka. Wino ukitoka, umekosea sana. Chini ya macho, kwenye shina la minyiri, ana madoa mawili makubwa meusi, moja kila upande, yanayofanana na macho ya mnyama mkubwa zaidi. Hayo ndiyo yanayokuhakikishia ni cyanea. Na mara chache, akiwa amemkaribia kaa, utaona wimbi la giza linapita mwilini mwake kutoka nyuma kwenda mbele, kama kivuli cha wingu juu ya shamba la mihogo. Linapita, linapita tena. Kaa anayeshtuka na kusogea amejionyesha mwenyewe.

Akitoka kuwinda

Mfuate, lakini kwa ubavu na kwa mbali, mita 4 au 5. Usimkate njia ya kurudi tunduni. Akisimama, simama.

Nikueleze asubuhi moja, Oktoba, mita 9, nje kidogo ya Ruvula. Jike kubwa, kichwa kama kifuu cha nazi. Alitoka, akatambaa hatua chache, akafika kwenye tumbawe la mviringo ukubwa wa sufuria ya pilau. Akajirusha juu yake, akajifungua kama mwavuli, utando wote ukalifunika. Kwa sekunde chache utando ukawa mweupe kabisa, umekazwa, na chini yake niliona ncha za minyiri zikiingia kwenye kila upenyo. Haoni anachokishika, vikombe vya minyiri vinaonja na kupapasa kwa pamoja. Akafunga mwavuli, akaenda tumbawe la pili.

Kufikia la tatu alikuwa na msafara. Samaki wawili aina ya mkundaji, wenye ndevu, walikuwa wakichimbua mchanga mbele yake, na chewa mmoja wa madoa akamfuata ubavuni kwa ukaribu kama mtu na jirani yake wanaokwenda sokoni. Samaki akikimbia mnyiri wa pweza, chewa anamdaka. Samaki akimkimbia chewa na kujificha upenyoni, pweza anamfikia. Chewa alifika kwenye shimo fulani akasimama kichwa chini, mkia juu, akitikisika, na pweza akageuka akaenda kulifunika lile shimo. Nimeliona hilo mara tatu maishani.

Kisha mmojawapo wa samaki waliojipenyeza kwenye msafara, mdogo, hakuchangia chochote, alisogea mno. Pweza akakunja mnyiri mmoja, akaufyatua. Alimpiga ngumi. Yule samaki akarushwa pembeni, akarudi nyuma ya wenzake. Watafiti walioandika juu ya ngumi hizi mwaka 2020 waliziona Bahari ya Shamu, kwa pweza wa aina hii hii. Sisi tunazo hapa, dakika kumi kwa boti.

Siku hiyo nilimrekodi kwa simu iliyo ndani ya kasha. Jioni nikampelekea bibi. Mwanamke aliyechokoa pweza zaidi ya miaka arobaini alikuwa hajawahi kumwona anavyotembea chini ya maji. Aliirudia video mara tatu, kisha akauliza, "Na huyo chewa, anamlipa nini?" Swali zuri. Watu wa vyuo vikuu wanaendelea kuliuliza.

Mambo ya kutofanya

Usimlishe. Usimguse, hata akinyoosha mnyiri kwako. Akitaka kukugusa miwani mwache aguse, mikono yako ibaki kifuani. Ana mdomo mgumu kama wa kasuku na mate yenye sumu, japo kwa huyu sumu si ya kumtisha mtu mzima. Weka magoti mbali na miiba ya nungu wa bahari, na usiegemee jiwe hujalitazama.

Usitangaze tundu. Shangazi zangu bado wanachokoa, wanasomesha watoto kwa pweza, na sioni ubaya. Sheria ya uvuvi imekataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500, na Songosongo kule Lindi wamewahi kufunga baadhi ya miamba kwa miezi ili pweza wakue, kisha wakaifungua pamoja. Huo ni mpango wa wavuvi wenyewe na nauheshimu. Ila tundu nililolipata kwa mtungi, mahali ambapo chuma hakifiki, sitalipeleka kijiweni.

Na usisogeze mawe yake. Hili nililijua, na bado niliwahi kunyamaza. Mgeni mmoja alitaka picha iliyo wazi, akaondoa mawe mawili mlangoni, mimi nikiwa mita mbili nyuma yake. Ningeweza kumshika mguu. Sikumshika, kwa sababu alikuwa amelipa na mimi nilikuwa mgeni kwenye kazi. Kesho yake tundu lilikuwa tupu, na samaki aina ya mkunga amelala ndani. Tangu siku hiyo nasema botini kabla hatujavaa mitungi: atakayegusa jiwe, tunapanda juu wote.

Mlango uliofungwa

Kuna siku utakuta tundu limezibwa kabisa, mawe yamebanwa, na ndani, kwenye ufa mdogo, kuna jicho. Jalala ni la zamani, halina ganda jipya. Huyo huenda ni mama. Pweza huyu huishi mwaka mmoja hivi, wakati mwingine zaidi kidogo, na jike huzaa mara moja tu. Hutundika mayai darini mwa tundu kama vishada vya shanga nyeupe, maelfu mengi, na hukaa nayo kama mwezi mzima akiyapulizia maji safi na kuyasafisha. Hawindi. Mayai yakianguliwa, naye nguvu zimekwisha, hufa.

Hapa kanuni zangu zinabadilika. Kaa mita 4, dakika tatu, ondoka. Usimulike ndani hata kama unatamani sana kuyaona mayai. Rudi mara moja kwa wiki, isizidi hapo.

Nina daftari la shule, la kurasa 96, ninaloandika nikishatoka majini na kunywa chai: tarehe, kina, maji yalikuwaje, alikuwa rangi gani, alikula nini. Nakushauri uwe nalo, maana kumbukumbu ya chini ya maji hufutika haraka. Ukurasa mmoja una tundu moja tu.

2 Oktoba, mita 7. Mawe sita mlangoni, yamebanwa. Jicho lipo. Maganda yana kijani.

9 Oktoba. Jicho lipo. Anapuliza, mchanga wa mlangoni unacheza.

16 Oktoba. Maji machafu, sikukaa. Yupo.

23 Oktoba. Ngozi imepauka, haibadiliki nikisogea. Kaa mmoja amepita mbele ya mlango, hakumtazama.

30 Oktoba. Mawe mawili yamesukumwa nje. Tundu tupu, darini zimebaki nyuzi nyeupe. Mikundaji wanachimbua pembeni.